Kompyuta ya mezani inachemka? Kabla hujanunua feni, tafuta joto linakwama wapi

Baridi ya Julai huwadanganya wengi Nairobi wakadhani kompyuta haiwezi kuchemka hapa. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama sehemu moja ya sita. Feni ikizunguka kwa kasi ileile huondoa joto pungufu. Ongeza vumbi la Januari na Februari, kabla ya masika, uone ni kwa nini mashine hujizima.

Anza kwa kupima. Programu za HWMonitor na Core Temp zinatosha. Iache kompyuta dakika 10 bila kazi, kisha ipe kazi nzito kwa dakika 15. Bila kazi, nyuzi 35 hadi 50 za Selsiasi ni sawa. Kwenye kazi nzito, chini ya 80 usiwe na wasiwasi. Ikipita 90, shughulika. Prosesa (chipu kuu ya kompyuta) nyingi za Intel hujipunguzia kasi zikikaribia 100, ndiyo maana mashine huwa nzito kwanza kabla ya kuzima.

Tazama pia joto linavyopanda, maana hapo ndipo jibu lilipo. Likiruka hadi 90 kwa sekunde chache, hitisinki (chuma chenye mapezi kinachofyonza joto) haijakaa vizuri juu ya prosesa au pesti inayopitisha joto kati yao imekauka. Likipanda polepole kwa dakika nyingi, hewa ya moto haitoki kwenye boksi. Fungua ubavu wa boksi upime tena: joto likishuka nyuzi 5 hadi 10, kosa ni la njia ya hewa. Hicho ni kipimo tu. Usiiache wazi siku zote, kwa sababu hewa hupoteza mkondo wake na vumbi huingia moja kwa moja.

Kusafisha: zima, chomoa waya ukutani, kisha shikilia kitufe cha kuwasha sekunde 10 ili umeme uliobaki uishe. Itoe nje. Tumia bloa au brashi kavu ya rangi ya inchi 1, huku umezuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke ovyo na kuharibu beringi. Ondoa feni ya prosesa kabisa, kwani vumbi hulala chini yake kama blanketi juu ya mapezi ya hitisinki na kwa juu huwezi kuliona. Pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ipulizie kutoka nje tu. Usiifungue: kapasita zake huweza kubaki na umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa.

Mashine za ex-UK (mitumba kutoka Uingereza) mara nyingi huja na pesti iliyokaa miaka mingi. Ukitaka kuibadilisha, kabla ya kuzima iache mashine ifanye kazi dakika 5 ili pesti ilainike. Kwa prosesa ya AMD yenye pini, zungusha hitisinki kidogo kushoto na kulia kabla ya kuinua. Ukiivuta ghafla, prosesa hung'oka nayo na pini zikapinda. Futa pesti kuukuu kwa isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya duka la dawa huweza kuwa na mafuta, iepuke. Weka pesti mpya katikati, kiasi cha punje ndogo ya mbaazi. Kaza skrubu kwa kupishana pembe, nusu mzunguko kila mara. Hitisinki ikiwa mpya, bandua karatasi ya plastiki iliyo chini yake, wengi huisahau.

Feni mpya huja mwisho. Pima umbali kati ya matundu ya skrubu: milimita 105 ni feni ya milimita 120, milimita 82.5 ni ya 92, na 71.5 ni ya 80. Hewa hutokea upande wenye vishikizo vinavyoshika kitovu cha feni. Ya mbele iingize hewa, ya nyuma itoe. Thibitisha mwelekeo wa hewa kwa kipande cha tishu. Kompyuta nyingi za ofisi za Dell na HP hutumia plagi zao wenyewe, hivyo feni ya kawaida huenda isiingie. Ukienda madukani Luthuli Avenue, Nairobi, beba feni ya zamani mkononi, ulinganishe plagi na namba iliyo kwenye lebo.

Rudisha boksi mahali penye nafasi ya angalau sentimita 10 kutoka ukutani, si juu ya zulia wala ndani ya kabati la meza, kisha rudia kipimo kilekile cha dakika 15.