Namna ya kumchagua dalali wa nyumba na viwanja jijini Dodoma

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, na zaidi baada ya mji huu kupandishwa hadhi kuwa Jiji mwezi Aprili 2018, watu wanaotafuta nyumba na viwanja wameongezeka kuanzia Ilazo na Kisasa hadi Nala, Ihumwa na maeneo yanayouzunguka Mji wa Serikali wa Mtumba. Madalali nao wameongezeka. Wapo wenye ofisi, leseni ya biashara na namba ya mlipakodi, na wapo wenye simu tu na picha za nyumba ambazo hawajawahi kuingia ndani yake. Mtumishi aliyehamishiwa hapa kutoka Dar es Salaam au Mwanza, asiye na ndugu wa kumuuliza, hujikuta akimtegemea dalali kwa kila jambo, ilhali kazi ya dalali ni kuwakutanisha muuzaji na mnunuzi, wala si kuthibitisha nani anamiliki nini. Kwa hiyo dalali anayefaa ni yule anayekubali bila kinyongo kwamba kila analolisema likahakikiwe mahali pengine.

Anza kwa kupima umbali uliopo kati yake na mwenye mali. Mara nyingi dalali unayezungumza naye amepewa habari na dalali mwingine, ambaye naye ameipata kwa wa tatu, na kila mmoja anaongeza faida yake juu ya bei aliyoitaja mwenye nyumba. Gharama ni sehemu tu ya tatizo hilo; lililo baya zaidi ni kwamba katika mlolongo kama huo hakuna hata mmoja anayewajibika mambo yakiharibika. Mwulize waziwazi ni nani aliyempa kazi hiyo, kama wameandikiana, na ni lini atakukutanisha na mwenye mali ana kwa ana. Anayesema kwamba mwenye nyumba yuko safarini na hapokei simu, lakini kuna mteja mwingine anayekuja kulipa kesho, mwache huyo mteja wa kesho alipe. Haraka ya namna hiyo ndiyo iliyowaponza wengi.

Baada ya hapo, zungumzeni habari za nyaraka, na umsikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo mjuzi anapojitenga na mbabaishaji. Ardhi ya Dodoma ina historia yake. Kuanzia mwaka 1973 mji ulisimamiwa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, hadi ilipovunjwa mwaka 2017 na majukumu yake kuhamishiwa kwenye halmashauri. Dalali mwenye uzoefu ataweza kukueleza kama nyaraka za kiwanja ni za enzi hizo au ni hati miliki iliyotolewa baadaye, na kama bado kuna hatua ya kukamilisha. Atajua pia kwamba mgogoro wa kiwanja kimoja kugawiwa watu wawili umekuwa kilio cha muda mrefu hapa, na hivyo yeye mwenyewe atakuhimiza uombe upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi, ili uone jina la mmiliki aliyesajiliwa na kama mali imewekwa rehani benki au ina zuio. Akikuambia kwamba barua yenye muhuri wa mtaa inatosha, huyo hakufai. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwafahamu majirani na historia ya eneo, na ni vyema kumwuliza, lakini muhuri wake hauchukui nafasi ya hati.

Dalali makini atauliza pia habari za familia kabla wewe hujauliza. Nyumba wanayoishi wanandoa haiuzwi kihalali bila ridhaa ya mwenzi, na sharti hilo limo katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Ikiwa mwenye mali amefariki, anayeuza lazima awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hata kama wanafamilia wote wameketi sebuleni na kukubaliana.

Mjaribu vilevile kwa maswali ya mahali penyewe. Maji ya bomba hutoka siku ngapi kwa wiki katika mtaa huo? Mvua za Januari zikinyesha, maji hupita wapi? Dodoma ni nchi kavu, na mtu anayekagua kiwanja mwezi Agosti anaweza kununua mkondo wa maji bila kujua. Dalali anayelifahamu eneo atakuonyesha korongo lilipo, hata kama kufanya hivyo kutamkosesha biashara.

Kwa upande wa muuzaji, jambo linalostahili mkazo ni kutomkabidhi dalali hati halisi, nakala inatosha. Bei usiipange kwa maneno yake peke yake, kwani mthamini aliyesajiliwa anaweza kukupa makadirio yenye msingi. Kumpa dalali mmoja kazi hiyo kwa maandishi na kwa muda maalumu ni bora kuliko kuitawanya kwa kila anayepita, kwa maana nyumba inayotangazwa na watu wengi kwa bei tofauti huwatia wanunuzi wasiwasi. Dalali anayejua kazi yake atakukumbusha mapema kuhusu kodi ya faida itokanayo na mauzo, ambayo kwa mkazi kwa kawaida ni 10% ya faida hiyo isipokuwa pale panapohusika msamaha, kwa kuwa uhamisho hausajiliwi bila uthibitisho wa Mamlaka ya Mapato, TRA.

Kamisheni ikubaliwe kabla ya kuanza kazi na iandikwe: ni kiasi gani, nani anailipa, na inalipwa lini. Usikubali kutoa fedha kubwa kwa ajili ya kuonyeshwa tu. Bei ya nyumba yenyewe isipitie mikononi mwa dalali hata kidogo. Iingizwe kwenye akaunti ya benki yenye jina la mmiliki, baada ya mkataba kusainiwa mbele ya wakili uliyemtafuta wewe mwenyewe, na dalali alipwe chake kwa risiti baada ya hapo.