SOMO: Unaumwa viungo? Jinsi ya kumpata bingwa wa baridi yabisi na kujua kama anakufaa

Habari zenu ndugu zangu. Kuna swali linajirudia sana, "mikono imevimba miezi sasa, niende wapi?", nikaona niandike mara moja kila mtu asome.

Wengi tunaanzia famasi, tunachomwa diklofenaki, tukihamia zahanati tunapimwa taifodi, wenzetu Kenya wanapimwa brusela, tunameza antibayotiki na vidole viko vilevile. Na huu ugonjwa hausubiri mtu. Baridi yabisi ni kinga ya mwili kugeuka na kushambulia viungo vyako mwenyewe, ikiachwa inakula gegedu na mfupa, na kilicholiwa hakirudi. Miongozo ya Ulaya inataka mwenye viungo vilivyovimba aonwe na bingwa ndani ya wiki 6 na dawa ianze ndani ya miezi 3. Kwetu wiki 6 zinaishia famasi!

HATUA YA 1: Angalia dalili zako
Ukiamka viungo vimekaza zaidi ya nusu saa, vidole vya mikono yote miwili vimevimba, kufunga vifungo vya shati ni kazi na kukamua nguo ndo kabisa, wewe ni wa bingwa wa viungo. Goti la mtu mzima linalouma akipanda ngazi na kutulia akipumzika mara nyingi ni kusagika, hilo daktari wa mifupa analiweza. Ila kiungo kimoja kikivimba ghafla, kina moto na una homa, nenda hospitali siku hiyohiyo, inaweza kuwa usaha ndani ya kiungo.

HATUA YA 2: Gonga mlango sahihi
Hapa ndo wengi tunapotea. Ukisema viungo unaelekezwa kwa daktari wa mifupa, pale Muhimbili utaambiwa nenda MOI (taasisi ya mifupa). Wale ni watu wa upasuaji, wanafanya kazi kubwa sana kwa waliovunjika, lakini baridi yabisi, lupasi (nayo ni kinga kushambulia mwili) na gauti sugu ni mambo ya magonjwa ya ndani. Kwahiyo ukiomba rufaa sema wazi, "naomba kliniki ya viungo ya idara ya magonjwa ya ndani". Mabingwa hawa ni wachache mno Afrika Mashariki na wengi wako miji mikubwa, kama mkoani kwenu hayupo usikae kumsubiri, daktari bingwa wa magonjwa ya ndani anaweza kukuanzishia dawa halafu bingwa wa viungo ukamwona kila baada ya miezi kadhaa.

Jina la daktari lihakiki, Tanzania Bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya ni KMPDC (baraza la madaktari la kule). Mtu kujiita bingwa wa viungo kwenye bango la barabarani haitoshi.

HATUA YA 3: Usiende mikono mitupu
Piga picha vidole vyako asubuhi vikiwa vimevimba, maana mpaka zamu yako ifike mchana uvimbe umeshuka na daktari anaona mkono wa kawaida. Andika lini ilianza, viungo gani, na kila dawa uliyotumia pamoja na ya kienyeji. Majibu ya zamani yote beba: ESR na CRP (damu, kuonyesha uvimbe mwilini), RF na anti-CCP (damu, vya baridi yabisi), eksirei.

HATUA YA 4: Mpime na yeye
Bingwa mzuri anakushika. Anaminya kifundo cha kidole kimoja baada ya kingine, kiwiko, goti, mpaka vidole vya miguu, anauliza wapi panauma. Akikuandikia bila kuvigusa viungo, mimi ningetafuta mwingine.

Halafu msikilize kwenye dawa. Methotrexate, dawa ya kutuliza baridi yabisi, inamezwa MARA MOJA KWA WIKI, sio kila siku, kuimeza kila siku kunaweza kuua. Daktari makini anakutajia siku, mfano Jumapili, na anataka iandikwe kwenye boksi, anakupa na foliki asidi, anakupangia tarehe za kupima damu na ini, anakuuliza kuhusu pombe na ujauzito. Anayekupa prednisolone (steroidi) peke yake mwezi baada ya mwezi bila mpango wa kuipunguza, muulize mpango ni upi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Mbeya): RF yangu imetoka negativu, daktari kasema sina baridi yabisi ila vidole vimevimba. Nifanyeje?
Jibu: Pole dada. Karibu mtu 1 kati ya 5 wenye baridi yabisi, hata zaidi, RF yao ni negativu. Kipimo kinasaidia tu, viungo vyenyewe ndo vinaongea. Omba anti-CCP na rufaa.

Swali (Morogoro): Mama anatumia unga wa kienyeji, alipata nafuu siku ya pili tu ila sasa uso umemvimba na sukari imepanda. Aache?
Jibu: Kaka, asiache ghafla. Nafuu ya haraka hivyo na uso kujaa ni dalili kwamba huenda umechanganywa na steroidi, na kukatisha ghafla kunaweza kumwangusha. Mpeleke hospitali wiki hii na huo unga mkononi.

Swali (Kisii): Huku kwetu sijaona mtaalamu wa viungo, naanzia wapi?
Jibu: Anza na fizishani (daktari bingwa wa magonjwa ya ndani) wa hospitali ya rufaa ya kaunti akupe barua. Nairobi kuna kliniki Kenyatta, na Aga Khan ukiwa na uwezo. Kabla ya safari piga simu uulize siku ya kliniki, haiwi kila siku.

Swali (Tanga): Niko kwenye methotrexate na nataka mtoto.
Jibu: Hongera mdogo wangu, ila usishike mimba ukiwa unaimeza, inaharibu mtoto. Endelea na uzazi wa mpango, mwambie daktari sasa akubadilishie, kuna sulfasalazine na hydroxychloroquine zinazotumika hata kwenye ujauzito, na mara nyingi wanataka methotrexate iwe imeachwa hadi miezi 3 kabla. Ukiona siku zako zimechelewa usisubiri miadi, acha kuimeza na uende siku hiyohiyo.