Jinsi ya kutengeneza gundi ya Waneanderthali, binadamu wa kale waliokwisha kutoweka

Tafuta magome makavu ya betula, mti wa nchi za baridi, yale meupe yanayobanduka kama karatasi. Yachome chini ya jiwe laini la mtoni lililoinama juu ya moto. Moshi ukiligusa jiwe huacha lami nyeusi, ndiyo gundi yenyewe. Ikwangue kwa kijiwe chenye makali. Hapa usiharakishe: mimi nilikwangua jioni nzima nikapata kitonge cha ukubwa wa ncha ya kidole, na mikono ikanata mpaka kesho yake. Kipashe moto, kikande, ukitumie kugandisha jiwe la kukatia kwenye mpini.

Huko Campitello, Italia, Waneanderthali walitumia lami hii miaka 200,000 hivi iliyopita. Kipande cha lami kilichopatikana Königsaue, Ujerumani, bado kina alama ya kidole cha aliyekibonyeza. Nikibonyeza changu, namkumbuka yeye.