Somo: Vitu vya dharura vya kubeba kwenye baiskeli ukitoka Tegeta kwenda Bagamoyo

Wakuu, salaam. Siku hizi tuko wengi tunaotoka Jumamosi alfajiri kuelekea Bagamoyo, na ni nadra nifike bila kumkuta mtu pembeni ya barabara, baiskeli kaipindua magurudumu juu, mkononi ana simu tu. Somo hili ni lake. Nalieleza kwa barabara hiyo ya Bunju, Mapinga, Kerege na Zinga kwa sababu ndiyo ninayoipita, ila vitu ni vilevile popote penye umbali mrefu kati ya fundi na fundi.

Hatua ya 1: Isome baiskeli yako

Kabla hujatoa hela dukani, inama usome ubavuni mwa tairi. Utakuta maandishi kama 26 x 2.10, 700 x 28 au 29 x 2.20. Tyubu ya akiba ilingane na hayo. Kisha tazama valvu. Kuna nene kama ya gari, na kuna nyembamba yenye kinati kichwani ambacho unakilegeza kabla ya kujaza upepo. Tundu la rimu lililotobolewa kwa ajili ya valvu nyembamba halipitishi nene.

Mimi hilo nililijulia barabarani. Nimeshapita Kerege, saa nne asubuhi, jua limekolea, tairi la nyuma likaisha upepo. Nikatoa tyubu mpya, bado imo ndani ya boksi lake. Valvu nene. Muuzaji alinipa bila kuangalia, nami nikapokea bila kuangalia. Nikageukia viraka: gundi niliifungua miezi mingi nyuma, na ndani ya mrija palibaki ukoko mkavu. Nikasukuma baiskeli kama kilomita nne hadi kwa fundi aliyekuwa chini ya mwembe.

Hatua ya 2: Mfuko wa pancha

Yule fundi hakukimbilia kuziba. Alichukua pamba kidogo akaipitisha taratibu ndani ya tairi lote, mpaka ikanasa. Akachomoa kiwaya chembamba kama unywele, kifupi kuliko punje ya mchele. Viwaya hivyo hutoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka, vinabaki pembeni ya lami, na hapo ndipo tunapopita sisi. Angekiacha, tyubu nyingine ingetoboka kabla ya Zinga.

Basi kwenye mfuko weka: tyubu moja ya akiba (mbili ukiwa peke yako), viraka, gundi ambayo haijafunguliwa, kipande cha msasa, vijiti vya plastiki vya kutolea tairi, pamba au kitambaa, na koleo dogo la kung'olea miiba na waya. Mafundi wetu hutumia mpini wa kijiko kutoa tairi, na wanajua wanachofanya. Mkono usiozoea hubana tyubu ukaitoboa upya, kwa hiyo beba plastiki.

Kuziba: sikiliza tundu karibu na shavu au mdomo, ngozi inausikia upepo hata ukiwa mdogo. Weka alama. Kwaruza kwa msasa mpaka mng'ao uondoke, paka gundi eneo kubwa kuliko kiraka, halafu ngoja. Wengi wanaharibu hapa. Gundi ikiwa bado majimaji, kiraka kitateleza. Subiri dakika tatu hadi tano, ikauke juu, ndipo ubandike na kukandamiza kwa nguvu.

Tairi likichanika ubavuni, kiraka cha tyubu hakitoshi, maana tyubu itatokeza kwenye mchaniko. Kata kipande cha mrija wa dawa ya meno uliokwisha, ukioshe, ukilaze kati ya tairi na tyubu. Kitakufikisha nyumbani. Mimi ninacho kimoja, kimekunjwa pamoja na viraka.

Pampu iwe ya mkono na iwe ya valvu yako. Vile vichupa vya gesi vinajaza haraka, ila kikiisha kimeisha.

Hatua ya 3: Spana na cheni

Spana za pembe sita, 4, 5 na 6, zinakaza sehemu kubwa ya baiskeli za kisasa. Ongeza bisibisi ndogo na kifaa cha kukatia cheni. Cheni ikikatika unaondoa pingili iliyoharibika na kuunga kwa kiungo cha kufungia bila pini, ambacho lazima kilingane na idadi ya gia zako za nyuma: cha gia 8 hakikai kwenye cheni ya gia 11. Cheni ikishafupishwa, usipande gia kubwa mbele na kubwa nyuma kwa pamoja. Weka pia vifunga vya plastiki (zip tie), vile vya kukaza kwa kuvuta, vitano sita.

Hatua ya 4: Mwili

Hapa ndipo ninapoomba msikilize zaidi, maana pancha haiui mtu. Beba glavu za mpira jozi moja, shashi safi, bandeji, plasta na kanga. Ndiyo, kanga. Ukianguka na bega au mfupa wa mtulinga ukavunjika, kanga ikifungwa shingoni inashika mkono usining'inie. Hufunika majeruhi, hukandamiza jeraha, na kwenye mfuko haijazi nafasi.

Mchubuko wa lami usafishe kwa maji mengi safi, toa mchanga, funika. Usipake dawa ya meno wala majivu. Damu ikitoka kwa wingi, weka shashi na kandamiza dakika kumi mfululizo bila kuchungulia. Aliyegonga kichwa akatapika, akasinzia au akarudia swali lilelile, hapandi tena baiskeli siku hiyo hata akisema yuko sawa. Helmeti iliyopokea pigo haivaliwi tena.

Hatua ya 5: Maji na mwanga

Kwa joto la pwani hesabu nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa. Pakiti mbili za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, hazina uzito. Taa nyekundu ya nyuma ibebe hata ukiondoka asubuhi: pancha mbili tu zinaweza kukuchelewesha mpaka jioni, na huku kwetu jua likizama giza halichelewi.

Hatua ya 6: Simu, fedha, karatasi

Simu iliyojaa chaji, noti ndogo ndogo, kadi ya bima, na karatasi ndani ya nailoni yenye jina lako, namba ya ndugu, na dawa zinazokudhuru. Simu ikivunjika, karatasi inasomeka. Namba ya dharura ni 112. Ukigongwa na gari au bodaboda, suala la PF3, ile fomu ya polisi, litakuja. Mwenzako mmoja aifuate kituoni wakati wewe unapelekwa kutibiwa. Msiende wote kituoni na mtu anavuja damu.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mimi nina Phoenix ya 28, gurudumu la nyuma linafungwa kwa nati na kuna kifuniko cha cheni. Kulitoa ni kazi. Nifanyeje?*

Usilitoe, ndugu yangu. Laza baiskeli, toa upande mmoja wa tairi, vuta nje sehemu ya tyubu yenye tundu tu, ziba, rudisha. Spana ya nati beba hata hivyo, ila ijaribu kwanza nyumbani kwenye nati zako. Usibebe kwa kukisia.

*Natembea peke yangu, ni mwanamke. Kuna la kuongeza?*

Dada, mtumie mtu mmoja njia yako na saa ya kufika kila kituo: Bunju, Kerege, Bagamoyo. Mkubaliane kwamba ikipita nusu saa kimya, yeye anapiga. Ukipata pancha, sogea hadi penye duka au nyumba ndipo uzibe. Kulisukuma tairi bovu mita mia tano si hasara.

*Nina kisukari na natumia insulini. Naogopa kwenda mbali.*

Ongea kwanza na daktari wako kuhusu dozi ya siku ya safari. Njiani, sukari iwe mfuko wa nyuma wa fulana, usiifuate kwenye begi. Ukianza kutetemeka au kutoka jasho baridi, simama, kunywa maji yenye vijiko vya chai vinne vya sukari, pumzika dakika 15, pima tena. Ikiwa bado iko chini, rudia. Na unaoendesha nao wajue ilipo hiyo sukari kabla hamjaondoka Tegeta.