Namna ya Kutoa Ardhini Kiunzi cha Dinosaria Mla Nyama

Dinosaria wala nyama walikuwa wachache kuliko wanyama waliowawinda, na mifupa mingi ya miguu yao ilikuwa na uwazi ndani, kwa hiyo ilivunjika upesi. Ndiyo maana kiunzi kinachokaribia kukamilika ni nadra, na kikipatikana, kazi ya kukitoa huanza kwa kujizuia. Mfupa ulioinuliwa kabla ya mahali pake kuandikwa umekwisha kupoteza sehemu ya habari zake, hata kama wenyewe haukupata ufa.

Mfano mzuri ni Baryonyx, dinosaria mla nyama wa Uingereza. Januari 1983, William Walker, fundi bomba aliyekuwa na mazoea ya kukusanya visukuku, alivunja bonge la jiwe katika shimo la udongo wa matofali la Smokejacks, jimbo la Surrey, akakuta ukucha wenye urefu wa takriban sentimita 31 ukipimwa kwa kufuata mpindo wake. Habari zilifika kwenye Makumbusho ya Historia Asilia ya London, na katikati ya mwaka huo wataalamu wakachimba theluthi mbili hivi za mnyama mzima.

Ukiona mfupa umechomoza kwenye korongo au machimbo, usiuvute. Upige picha ukiwa na rula au kalamu kando yake ili ukubwa ujulikane, kisha piga picha nyingine kwa mbali inayoonyesha tabaka la mwamba. Andika vipimo vya mahali kama simu yako inavyovitoa, ufunike mfupa kwa udongo laini na utoe taarifa kwenye makumbusho. Dalili za mla nyama ni meno bapa yenye kingo za msumeno, kucha zilizopinda na mifupa yenye kuta nyembamba.

Kibali hutangulia sururu. Nchini Tanzania jambo hili limo katika Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Kenya ina sheria yake ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006. Anayeona hilo ni urasimu mtupu na azingatie kisa cha Sue, kiunzi cha dinosaria mla nyama Tyrannosaurus rex kilichopatikana South Dakota, Marekani, mwaka 1990: wachimbaji walimlipa mwenye ardhi dola 5,000, lakini ardhi ilikuwa chini ya udhamini wa serikali kuu, mifupa ikakamatwa mwaka 1992, na baada ya kesi ndefu ikapigwa mnada mwaka 1997 kwa zaidi ya dola milioni 8.

Uchimbaji wenyewe huanza juu. Udongo usio na mifupa huondolewa kwa sururu na sepetu, lakini tabaka la mifupa likikaribia, vifaa hivyo huwekwa kando na kazi huendelea kwa mwiko, patasi ndogo na brashi. Tamaa ya kufuata mfupa mmoja hadi mwisho wake ni kubwa, nayo huharibu kazi nyingi. Tafuta kwanza mipaka ya kiunzi chote. Tandaza kamba zenye miraba ya mita moja moja, chora kila mfupa kwenye karatasi ya vipimo, uupe namba. Nyufa hunyweshwa gundi nyepesi inayoweza kuyeyushwa baadaye kwa asetoni. Gundi ya dukani isiyotoka ni adui wa maabara.

Usiutenge mfupa na mwamba wake ukiwa uwandani. Chimba mfereji kuuzunguka hadi bonge lisimame juu ya shina jembamba kama uyoga, funika mfupa kwa karatasi laini iliyoloweshwa ili plasta isiung'ang'anie, kisha funga vipande vya gunia vilivyochovywa kwenye plasta, tabaka juu ya tabaka. Bonge kubwa huongezewa miti ya kulikaza. Huko Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, mianzi ilitumika kufungia mifupa kabla haijabebwa kwa miguu hadi bandarini. Plasta ikikauka, andika namba na mshale wa kaskazini, kata shina, geuza bonge kwa pamoja, uzibe upande wa chini.

Uvumilivu huo hulipwa maabarani. Mwamba uliomzunguka Baryonyx ulikuwa mgumu kiasi kwamba kuusafisha kulichukua miaka, na mwaka 1986 Alan Charig na Angela Milner walimtangaza rasmi kwa jina la Baryonyx walkeri. Ndani ya eneo la tumbo yalikutwa magamba ya samaki yaliyoliwa na asidi, pamoja na mifupa ya mtoto wa Iguanodon, dinosaria mla majani. Magamba hayo yangeonekana kama takataka kwa mtu anayetafuta mifupa mikubwa tu, kumbe ndiyo yaliyoonyesha kwamba mnyama huyu alikula samaki.

Kwa sababu hiyo, udongo unaotoka katika kila mraba nao hutiwa kwenye mfuko wenye namba ya mraba huo, kisha huchekechwa kwa maji kwenye chekecheo lenye matundu madogo, na mabaki yake hukaguliwa kwa kioo cha kukuzia kabla chochote hakijatupwa.