Robotron: 2084 nyumbani: kuanzia pedi hadi wimbi la 7

Robotron: 2084 ni gemu ya video ya mashine za arcade ambamo unapambana na mawimbi ya roboti huku ukiokoa watu. Ilitolewa mwaka 1982 na kampuni ya Williams ya Chicago. Walioibuni ni Eugene Jarvis na Larry DeMar, walewale wa gemu ya Defender. Mashine yake haina kitufe cha kupiga risasi. Ina stiki mbili: ya kushoto ya kutembea, ya kulia ya kupiga, na kila moja inakwenda pande nane. Jarvis amesimulia kwamba alikuwa ameumia mkono kwenye ajali ya gari, na kubonyeza kitufe kulimpa shida. Wazo la stiki ya pili likapata nguvu hapo.

Matokeo yake ni kwamba unakimbia huku na unapiga kule kwa wakati mmoja. Ukiicheza nyumbani na mikono yako haina uhuru huo, basi unacheza gemu nyingine yenye picha zilezile. Ndiyo maana naanza na pedi kabla ya mbinu.

Hatua ya 1: Chagua toleo kwa kuangalia mikono

Toleo la konsoli ya Atari 5200 la 1983 lilikuja na kishikio cha plastiki cha kuunganisha stiki mbili. Wazo zuri sana, ila stiki za 5200 hazirudi katikati zenyewe ukiziachia, na humu kusimama ghafla ni nusu ya uhai wako. Atari 7800 nayo inakubali stiki mbili, kila moja kwenye tundu lake. Zifunge kwenye ubao mzito, ziachane kwa upana wa mabega. Zikibaki kuelea mapajani utahangaika bure.

Ule mkusanyiko wa Williams wa 1996, uliotoka kwa SNES, PlayStation ya kwanza na nyinginezo, unakufanya upige kwa vile vitufe vinne vya kulia. Kupiga mshazari unabonyeza viwili pamoja. Laza kidole gumba bapa juu ya vitufe vyote, usikiruke-rukishe. Inachezeka, lakini kidole kitalalamika.

Kwa wengi wetu njia rahisi ni mkusanyiko wa Midway Arcade Treasures wa PS2, Xbox au GameCube, kwa sababu pedi zenyewe tayari zina stiki mbili. PS2 huku kwetu bado hazijaisha, na pedi yake inatosha kabisa. Robotron X ya 1996 na Robotron 64 ya 1998 ziligeuzwa kuwa 3D. Usianzie huko.

Hatua ya 2: Panga vidhibiti, kisha vijaribu

Ukitumia MAME, programu ya kuigiza mashine za arcade kwenye kompyuta, fungua gemu, bonyeza Tab, ingia kwenye mipangilio ya vidhibiti vya mashine hiyo, kisha kila mstari uupe upande wake wa stiki. Mhusika akipiga mwenyewe bila kuguswa, ongeza kidogo thamani ya joystick_deadzone kwenye faili la mipangilio. Kibodi naishauri kwa asiye na njia nyingine tu: mshazari mbili kwa pamoja ni vitufe vinne, na kibodi nyingi za bei nafuu hazisomi vinne kwa mpigo.

Jaribio langu ni hili. Sukuma stiki ya kushoto kwenda juu-kulia, na ya kulia kwenda chini-kushoto, kisha zishikilie. Mhusika anatakiwa aende bila kusita na risasi zifuate mstari mmoja ulionyooka. Zikiyumba kati ya chini na mshazari, rudi kwenye mipangilio kwanza.

Hatua ya 3: Toboa, toka, zunguka

Kila wimbi linakukuta katikati, umezungukwa. Usisimame kuwapiga wote. Chagua upande wenye Grunt (roboti wa kawaida) wachache, toboa njia, pita, halafu fuata ukuta ukiuzunguka uwanja. Grunt hawana akili nyingi. Wanakufuata wewe tu, kwa hiyo baada ya sekunde chache wote wanakuwa kundi moja nyuma yako, na hapo stiki ya kulia inapata kazi. Usichelewe sana, maana wanaongeza kasi kadiri wimbi linavyorefuka. Zile Electrode zilizotulia sakafuni zinakuua ukizigusa, lakini Grunt naye akizigusa anakufa. Waongoze huko.

Hatua ya 4: Okota watu kabla ya kuhesabu maiti

Grunt ana pointi 100. Mtu wa kwanza unayemwokoa ana 1,000, wa pili 2,000, hadi wa tano 5,000, na kila anayefuata anabaki 5,000 mpaka wimbi liishe au ufe. Watu watano ni pointi 15,000, na kwa mipangilio ya kawaida kila 25,000 unaongezewa uhai. Anayepiga tu bila kuokota hafiki mbali, hata awe na shabaha gani.

Tatizo ni roboti aitwaye Hulk. Hafi kwa risasi, na anawakanyaga watu wako. Risasi zinamsukuma nyuma, basi, na hiyo inatosha: mpige huku ukimkaribia yule mama au mtoto, umuokote, uondoke.

Hatua ya 5: Kuanzia wimbi la 2, Spheroid kwanza

Ukiona duara linalopwita, yaani Spheroid, acha kila kitu ulifuate. Ndani yake wanatoka roboti waitwao Enforcer, na hao wanarusha cheche zinazoteleza kando ya kuta hadi kwenye kona. Spheroid moja ina pointi 1,000 na inakuondolea balaa la nusu dakika nzima. Kona iogope wakati wote.

Hatua ya 6: Wimbi la 5, muache Mikey

Hapa wanaingia roboti waitwao Brain, wanaowakamata watu na kuwageuza kuwa Prog wanaokuwinda. Wimbi hili lina akina mama wengi na mtoto mmoja, Mikey. Kwa kasoro ya programu, Brain wote wanamwandama Mikey. Akiwa hai, akina mama wako salama kiasi. Kwa hiyo usimwokote mapema. Piga Brain walio karibu naye, okota akina mama, na Mikey awe wa mwisho. Makombora ya Brain yanayopinda-pinda yanapigika, lakini usiyasubiri yafike karibu.

Wimbi la 7 linaleta Quark, wanaozaa vifaru, na makombora ya vifaru yanadunda ukutani. Sheria ni ileile ya Spheroid: mzazi kwanza. Ukichelewa na vifaru vikishazaliwa, kaa katikati ya uwanja, piga makombora yenyewe yanapokujia, kisha sogea kwenye kifaru kimoja kimoja.