Kabla hujaandika if: mambo ya kuyaweka sawa kwanza

Anayejifunza kuandika programu akifika kwenye masharti huwa na haraka. Amri yenyewe ni fupi: if (yaani "kama"), kisha sharti, kisha kitakachofanyika, halafu else (yaani "vinginevyo") kwa hali iliyobaki. Nusu saa inatosha kuizoea. Tabu huja baadaye, na mara nyingi chanzo chake ni kwamba mwandishi aligusa kibodi kabla hajajua programu yake inaamua nini hasa. Kompyuta haikisii ulichokusudia. Inafuata ulichoandika, hata kikiwa upuuzi.

Basi anza na karatasi, na uandike uamuzi kwa lugha unayoizungumza. Chukua mfano wa mwaka mrefu, ule wenye siku 366. Wengi watasema ni mwaka unaogawanyika kwa 4 bila kubaki kitu. Ukiandika hivyo tu, programu itajibu sawasawa kwa kila mwaka kuanzia 1901 hadi 2099, na utalala ukijua umemaliza. Lakini kalenda ya Gregori, iliyoanza kutumika 1582, ina kanuni mbili zaidi: mwaka unaogawanyika kwa 100 si mrefu, isipokuwa ugawanyike pia kwa 400. Ndiyo maana 2000 ulikuwa mrefu, 1900 haukuwa, na 2100 hautakuwa. Kosa hapo haliko kwenye amri. Ni kanuni iliyoandikwa nusu, na kosa la namna hiyo halitoi onyo lolote kwenye skrini.

Ukishazipata kanuni zote, panga zitaulizwa kwa mfuatano gani. Mlolongo wa if na else husomwa kutoka juu kwenda chini. Sharti la kwanza lililo kweli ndilo linalofuatwa, na yaliyo chini yake hayaulizwi kabisa. Ukianza na swali la 4, mwaka 2100 unanaswa hapohapo na kuitwa mrefu. Anza na lililo finyu zaidi, yaani 400, kisha 100, kisha 4, na else ichukue miaka iliyobaki.

Mipaka nayo isemwe wazi. "Zaidi ya 50" na "kuanzia 50" hutamkwa ovyo kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali ya kwanza ni > na ya pili ni >=. Mwanafunzi aliyepata 50 kamili ndiye atakayeumia. Jiulize pia kuhusu mianya: ukigawa madaraja kuwa 40 hadi 49 na 50 hadi 100, aliyepata 49.5 anaangukia wapi? Na mtu akiingiza -3?

Sasa hili la maneno "na" na "au", ambalo kwangu ndilo mtego mkubwa kuliko yote, kwa sababu lugha yetu ya kila siku ndiyo inayotuponza. Tunasema, "Wenye umri chini ya 18 na zaidi ya 60 hawalipi," na kila msikilizaji anaelewa. Uiandike hivyo kwa and, na hakuna binadamu atakayesamehewa, kwa kuwa hakuna aliye chini ya 18 na papo hapo kavuka 60. Ulichotaka ni or. Ndugu yake ni huyu: "kama x ni 1 au 2". Katika Python, mojawapo ya lugha za kuandikia programu, ukiandika x == 1 or 2, sharti huwa kweli daima, maana 2 inayosimama peke yake huhesabiwa kuwa kweli. Rudia jina: x == 1 or x == 2. Inachosha kidogo, lakini ndivyo ilivyo.

Jua pia unalinganisha vitu vya aina gani. Katika Python 3, kila anachoandika mtumiaji kupitia input, amri ya kupokea maneno kutoka kibodi, hufika kama maandishi, hata kikiwa tarakimu tupu. Maandishi hulinganishwa herufi kwa herufi, kwa hiyo "9" linaonekana kubwa kuliko "10". Geuza kuwa namba kwanza. Desimali nazo usizipime kwa usawa kamili: 0.1 + 0.2 hutoa 0.30000000000000004. Na kupima usawa ni ==; alama moja ya = huweka thamani. Python itakukatalia ukichanganya hizo mbili ndani ya if, ila C, lugha nyingine ya programu, inakubali na kuendelea na safari.

Mpangilio wa mistari si urembo tu. Kwenye Python, nafasi za mwanzo wa mstari ndizo zinazoonyesha kipi kiko ndani ya sharti. Kwenye C kazi hiyo ni ya mabano {}, na jicho hudanganyika kirahisi. Mwaka 2014 Apple ililazimika kurekebisha hitilafu ya usalama iliyotokana na mstari mmoja wa goto fail (amri ya kuruka hadi sehemu ya programu iliyopewa jina fail) uliorudiwa chini ya if isiyo na mabano: ulionekana uko ndani, kumbe uko nje, ukaruka ukaguzi muhimu wa muunganisho.

Mwisho, kabla ya kuandika hata mstari mmoja, orodhesha thamani za kujaribia pamoja na jibu la kila moja. Kwa mwaka mrefu, nne zinatosha: 2023 hapana, 2024 ndiyo, 1900 hapana, 2000 ndiyo. Ziandike sasa. Ukisubiri programu iishe, utajikuta unachagua zile tu unazojua zitapita.